Kushughulikia Kushindwa kwa Uandishi katika Hifadhidata Zilizosambazwa Kijiografia: Mfano wa Taarifa za Afya katika Milima ya Uluguru

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kushughulikia uandishi wa data unaoshindwa pale ambapo hifadhidata moja ina nakala katika maeneo yanayotenganishwa na umbali na mawasiliano yasiyo ya uhakika. Mfano unaotumika ni taarifa za afya zinazoanzia katika zahanati za Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na kuishia katika mfumo wa taifa. Hoja kuu ni kwamba kushindwa kwa uandishi si hali moja bali ni hali tano, na kila moja ina tiba yake. Hali ngumu kuliko zote ni ile ambayo aliyeandika hajui kama maandishi yake yamepokelewa. Makala inapendekeza kwamba kila tukio lipewe kitambulisho kabla ya kutumwa, kwamba mfumo uhifadhi matukio badala ya majumla peke yake, na kwamba ujumbe anaooneshwa mtumiaji ueleze hali halisi ya maandishi yake.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu ubora wa taarifa za afya nchini Tanzania kwa kawaida huelekezwa kwa mwandikaji: je, alijaza rejesta kikamilifu, na je, alijumlisha sawasawa? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Tangu takwimu zilipoanza kuingizwa katika mifumo ya kielektroniki, kumezuka chanzo kingine cha makosa kisichotokana na uzembe wa mtu yeyote. Muuguzi anaweza kuandika kwa usahihi na kutuma kwa wakati, na bado taarifa yake ikapotea, ikahesabiwa mara mbili, au ikafutwa na taarifa nyingine iliyochelewa njiani.

Madhara ya makosa hayo ni makubwa. Mkoa wa Morogoro una historia ya pekee katika suala hili. Kuanzia mwaka 1992, iliyokuwa wilaya ya Morogoro Vijijini ilikuwa miongoni mwa maeneo matatu ya mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima, pamoja na Hai na Dar es Salaam. Baadaye, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, mradi wa TEHIP ulifanya kazi na halmashauri za Morogoro na Rufiji ili mipango na bajeti za afya zifuate mzigo halisi wa magonjwa. Fundisho lililopatikana ni kwamba idadi ya vifo na wagonjwa huamua fedha ziende wapi. Kwa hiyo, kifo kisichofika katika hifadhidata hakihesabiki pale bajeti inapogawanywa, na dozi ya chanjo iliyohesabiwa mara mbili huonesha kinga isiyokuwapo.

2.0 Mazingira ya Uluguru na Njia ya Taarifa

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na kilele chake cha Kimhandu kinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Miteremko ya mashariki, kwenye maeneo kama Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kutokana na pepo za Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi na kusini-magharibi kuna Mgeta, inayojulikana kwa kilimo cha mboga na matunda. Kwa mhandisi wa mawasiliano, jambo la muhimu ni umbo la milima hiyo. Mawimbi ya redio hayapiti katika mwamba. Nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo za bonde moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa za mtandao: moja inauona mnara, nyingine imekingwa na mgongo wa kilima. Mvua za masika huongeza matatizo ya umeme na barabara.

Taarifa za huduma za afya nchini hukusanywa kupitia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanzishwa katika miaka ya 1990 kwa kutumia rejesta za karatasi. Kufikia mwisho wa mwaka 2013, programu ya DHIS2, inayoendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, ilikuwa imeenezwa nchi nzima. Rejesta hazikuondolewa. Utaratibu uliozoeleka ni zahanati kujaza rejesta, kujumlisha mwishoni mwa mwezi, na fomu ya majumla kuingizwa katika mfumo, mara nyingi katika ngazi ya wilaya. Simu na vishikwambi vimeongeza njia ya pili, ambapo mhudumu huandika taarifa ya mgonjwa mmoja mmoja papo hapo, hata kama hana mtandao, na kifaa kinatuma baadaye.

Hivyo basi, hata kabla ya kuzungumzia seva kadhaa, tayari kuna hifadhidata iliyosambazwa: nakala moja iko kwenye kifaa bondeni na nyingine iko kwenye seva ya mbali. Seva hiyo nayo ikiwa na nakala mbili au tatu katika miji tofauti, idadi ya mahali ambapo uandishi unaweza kukwama inaongezeka.

3.0 Maana Tano za Kushindwa

Programu nyingi humwonesha mtumiaji neno moja tu: “Imeshindikana”. Neno hilo hubeba hali tano zisizofanana.

Hali ya kwanza ni kukataliwa. Seva imepokea ombi, imelikagua, na kulikataa kwa sababu data haikidhi masharti. Kwa mfano, tarehe ya kujifungua imetangulia tarehe ya kuzaliwa kwa mama. Kurudia kutuma hakusaidii, kwa kuwa jibu litakuwa lilelile. Tiba yake ni masahihisho ya binadamu.

Hali ya pili ni kutoondoka. Kifaa hakina mtandao na kinajua hivyo. Hali hii ndiyo nyepesi kuliko zote: ombi huwekwa katika foleni ndani ya kifaa na kusubiri.

Hali ya tatu ni kutojua. Ombi limeondoka, muda wa kusubiri umekwisha, na jibu halikurudi. Sehemu ya nne inaijadili kwa kina.

Hali ya nne ni kupotea baada ya kuthibitishwa. Seva kuu imejibu kwamba imehifadhi, kisha ikaharibika kabla ya kupeleka maandishi kwa nakala ya pili. Nakala ya pili inapochukua uongozi, haina habari ya maandishi hayo. Mtumiaji ana uthibitisho mkononi, lakini taarifa haipo.

Hali ya tano ni kugongana. Maandishi mawili kuhusu kitu kimoja yamepokelewa mahali pawili tofauti, kila moja likiwa sahihi machoni pa aliyelipokea. Nakala zinapokutana, mfumo lazima uamue la kufanya.

4.0 Kutojua: Kiini cha Tatizo

Tuchukulie kwamba mkazi wa Nyandira, huko Mgeta, amempa dereva barua ya kuagiza mbegu kutoka Morogoro mjini. Wiki imepita bila jibu. Inawezekana barua haikufika; inawezekana ilifika lakini mwenye duka hajaishughulikia; inawezekana pia mbegu zimekwisha kufungashwa na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa aliyeko Nyandira, hali hizi tatu zina sura moja, nayo ni kimya. Akiandika barua ya pili, anaweza kuletewa na kudaiwa mbegu mara mbili. Asipoandika, anaweza kuukosa msimu.

Tatizo hili haliondolewi na teknolojia bora. Akkoyunlu na wenzake walilieleza mwaka 1975, na Jim Gray alilipatia sura ya majenerali wawili mwaka 1978: pale ambapo ujumbe wowote unaweza kupotea, hakuna idadi ya ujumbe na uthibitisho inayoweza kuwapa pande zote mbili uhakika kamili kwamba wamekubaliana. Kila uthibitisho wenyewe unahitaji kuthibitishwa. Kwa msingi huo, lengo la mhandisi haliwezi kuwa kukomesha hali ya kutojua. Lengo linalofikika ni kuifanya hali hiyo isiwe na madhara.

Watumiaji wa huduma za fedha kwa simu wanalifahamu jambo hili kwa uzoefu. Mtu anayetuma pesa na kukosa meseji ya uthibitisho hatumi tena mara moja, bali huangalia salio kwanza. Utaratibu huo wa kusoma kabla ya kurudia ni wa busara, lakini una pengo. Ombi la kwanza linaweza kuwa bado liko njiani wakati salio linasomwa, likafika baada ya ombi la pili kutumwa. Kusoma kwanza hupunguza hatari bila kuiondoa.

5.0 Kurudia bila Kudhuru

Njia ya kuliziba pengo hilo ni kuufanya uandishi uwe na sifa ya kurudiwa bila madhara: ombi likipokelewa mara moja au mara kumi, hali ya mwisho ya hifadhidata ibaki ileile. Kuna namna mbili za kuifikia sifa hiyo.

Namna ya kwanza hutokana na umbo la data yenyewe. Katika DHIS2, thamani ya jumla hutambulishwa kwa kipengele cha data, kipindi, kituo na mgawanyo wake. Agizo la “weka 42 kuwa idadi ya waliojifungua katika zahanati hii kwa mwezi huu” linaweza kurudiwa bila kubadilisha kitu, kwa sababu 42 ya pili inakaa mahali pa 42 ya kwanza. Kinyume chake, agizo la “ongeza 1” haliwezi kurudiwa kwa usalama, kwani kila nakala ya ombi huongeza mtu asiyekuwapo.

Namna ya pili ni ya kitambulisho. Kifaa hutunga kitambulisho cha kipekee cha tukio kabla ya kulituma, na kitambulisho hicho hakibadiliki hata ombi likirudiwa mara ngapi. Seva ikikutana na kitambulisho inachokijua, hairudii kazi, bali hurudisha jibu la awali. Jambo la kuzingatia ni mahali pa kutungia. Kitambulisho kikitungwa na seva baada ya kupokea, kila ombi la marudio litapata kitambulisho kipya, na mtoto mmoja atakuwa na rekodi mbili. Kitambulisho lazima kizaliwe pamoja na tukio, pale lilipotokea. Aidha, seva inapaswa kuandika kitambulisho na data katika muamala mmoja, ili pasitokee kimoja kuhifadhiwa na kingine kukosa.

Marudio yenyewe yanahitaji nidhamu. Umeme au mtandao ukirudi baada ya kukatika kwa saa nyingi, vifaa vyote vya eneo husika vinaweza kuanza kutuma kwa wakati mmoja na kuielemea seva iliyokwisha kudhoofika. Kwa hiyo, muda wa kusubiri kati ya jaribio na jaribio huongezwa maradufu kila mara, na kuchanganywa na kiasi cha bahati nasibu ili vifaa visigongane tena kwa pamoja.

6.0 Akidi ya Nakala na Gharama ya Umbali

Hali ya nne, yaani kupotea baada ya kuthibitishwa, hutibiwa upande wa seva. Kanuni yake inafanana na ya mkutano: uamuzi hauhesabiki hadi akidi itimie. Iwapo data ina nakala N, uandishi huthibitishwa baada ya kupokelewa na nakala A, na usomaji hufanywa kutoka nakala S. Gifford alionesha mwaka 1979 kwamba A na S zikijumlishwa na kuzidi N, kila usomaji utakutana na angalau nakala moja yenye maandishi mapya. Kwa nakala tatu, A na S huweza kuwa mbili mbili, na kuharibika kwa seva moja hakupotezi taarifa iliyothibitishwa.

Gharama yake ni muda. Nuru husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa njia ya takriban kilomita 450, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 4.5. Seva ikiwa Frankfurt, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, safari hiyo haiwezi kuwa chini ya milisekunde 60. Kwa taarifa za zahanati, ucheleweshaji huo unavumilika, mhudumu hatautambua. Kinachoumiza zaidi ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Katika tukio la aina hiyo, mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kuendelea huku njia ya kwenda ng'ambo ikiwa imeziba. Mfumo wenye akidi ya nakala zake ndani ya nchi unaendelea kuandika. Mfumo ambao nakala zake nyingi ziko nje unasimama.

Uchaguzi huo ndio unaoelezwa na nadharia aliyoipendekeza Eric Brewer mwaka 2000 na kuthibitishwa na Gilbert na Lynch mwaka 2002: mtandao unapogawanyika, mfumo hauwezi kudumisha ulinganifu kamili na pia kumjibu kila anayeuomba. Lazima kimoja kilegezwe hadi mgawanyiko uishe.

Kuna tahadhari moja ambayo mara nyingi husahaulika. Katika baadhi ya mifumo ya akidi, uandishi uliopokelewa na nakala moja tu kati ya mbili zilizohitajika hurudisha jibu la kushindwa, lakini nakala hiyo moja haifuti ilichokwisha kuandika. Baadaye, nakala zinaporekebishana, maandishi “yaliyoshindwa” huibuka na kuenea. Katika mifumo hiyo, jibu la kushindwa maana yake ni kwamba hakuna ahadi iliyotolewa. Halimaanishi kwamba hakuna kilichoandikwa. Hii ni sababu nyingine ya kulichukulia jibu hilo kama hali ya kutojua, na kulirudia ombi kwa kitambulisho kilekile.

7.0 Maandishi Yanapogongana

Tuchukulie kwamba salio la dawa katika zahanati ni dozi 100. Mhudumu mmoja, akiwa kijijini bila mtandao, anatoa dozi 10 na kuandika salio 90. Mwenzake aliyebaki zahanati anatoa dozi 20 na kuandika salio 80. Vifaa vinapounganishwa, njia rahisi na iliyoenea ni kwamba maandishi yenye saa ya baadaye hushinda. Salio litakuwa 90 au 80, ilhali stoo ina dozi 70. Hakuna onyo litakalotolewa, na oda ijayo ya dawa itajengwa juu ya hesabu isiyo sahihi.

Aidha, “baadaye” hupimwa kwa saa ya kifaa. Simu ambayo saa yake imewekwa mbele kwa siku moja itashinda kila mgongano kwa muda wa siku hiyo. Lamport alikwisha kuonesha mwaka 1978 kwamba mpangilio wa matukio katika mfumo uliosambazwa unaweza kujengwa kwa kufuata uhusiano wa ujumbe uliotumwa na kupokelewa, bila kuzitegemea saa za ukutani. Namba za matoleo zinazofuata msingi huo huwezesha seva kutambua kwamba maandishi mawili yalifanyika bila moja kulijua jingine, na hivyo kutolifuta lolote kimyakimya.

Hapa ndipo mvutano ulioanzia sehemu ya tano unapodhihirika. “Weka 90” hurudiwa bila madhara, lakini hufuta kazi ya mwingine. “Punguza 10” huhifadhi kazi ya kila mmoja, lakini ikirudiwa hudhuru. Suluhisho ni kuunganisha sifa hizo mbili: kuhifadhi tukio lenye kitambulisho chake, yaani “tukio hili: zimetolewa dozi 10”. Matukio hukusanywa katika seti. Tukio lililopokelewa mara mbili huhesabiwa mara moja, na matukio ya watu wawili yote hubaki. Salio hupatikana kwa kukokotoa. Rejesta ya karatasi ya MTUHA ilikwisha kuwa na sifa hii tangu mwanzo: kila mgonjwa ana mstari wake wenye namba, na jumla hufanywa mwishoni mwa mwezi. Mfumo wa kielektroniki unaohifadhi jumla peke yake, kwa maana hii, hubeba habari pungufu kuliko daftari.

8.0 Mipaka ya Kuandika Nje ya Mtandao

Si kila uandishi unaweza kukubaliwa bila kushauriana na nakala nyingine. Kusajili kuzaliwa kwa mtoto kunaweza kufanyika bondeni bila mtandao, kwa sababu hakumnyang'anyi mwingine kitu. Kutenga chupa ya mwisho ya damu iliyoko hospitali ya wilaya ni suala jingine. Vituo viwili vikijitengea chupa hiyo kila kimoja peke yake, hakuna utaratibu wa kusawazisha data utakaozalisha chupa ya pili. Uandishi wa aina hiyo lazima usubiri akidi, na mawasiliano yakikosekana, ushindwe waziwazi ili watu watafute njia nyingine mapema.

Kati ya pande hizo mbili kuna njia ya kugawa mapema. Namba za kadi zisizopaswa kugongana zinaweza kutengwa kwa mafungu, kila kifaa kikipewa fungu lake kingali mtandaoni, kama vile vitabu vya stakabadhi vinavyogawiwa vikiwa na namba zilizokwisha kuchapwa.

Mpaka mwingine ni usalama wa kifaa chenyewe. Hadi usawazishaji ufanyike, taarifa iliyoko kwenye foleni ina nakala moja tu ya kielektroniki. Simu ikizama mtoni, foleni imezama nayo. Hii ni sababu tosha ya kutoharakisha kuiondoa rejesta ya karatasi katika maeneo kama haya. Vilevile, taarifa za wagonjwa zilizohifadhiwa kwenye kifaa zinapaswa kusimbwa, hasa baada ya kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

9.0 Ujumbe kwa Mtumiaji

Uchambuzi wote uliotangulia unaweza kubatilishwa na sentensi moja kwenye kioo cha simu. Mhudumu akioneshwa “Imeshindikana” ilhali ombi lake liko kwenye foleni, atafanya jambo la busara kwa kadiri ya alichoambiwa: ataandika upya. Rekodi hiyo mpya itakuwa na kitambulisho kipya, na kinga yote dhidi ya marudio itakuwa imezungukwa. Kosa litakalofuata litahesabiwa kuwa lake.

Kwa sababu hiyo, inapendekezwa hali tatu zitofautishwe kwa maneno: “Imehifadhiwa kwenye kifaa, inasubiri kutumwa”, “Imethibitishwa na seva”, na “Imekataliwa, tafadhali sahihisha”, ikifuatiwa na sababu. Hali ya kutojua haihitaji ujumbe wake, kwa kuwa kwa mhudumu ni sawa na kusubiri; mfumo ndio unaowajibika kurudia. Idadi ya rekodi zinazosubiri ioneshwe wakati wote, ili msimamizi ajue ni kifaa kipi hakijashuka bondeni kwa muda mrefu.

10.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kushindwa kwa uandishi katika hifadhidata zilizosambazwa ni hali tano tofauti, na kwamba kuzichanganya ndiko kunakozalisha upotevu na urudufu wa taarifa. Kukataliwa hutibiwa kwa masahihisho, kutoondoka kwa foleni, kutojua kwa marudio yenye kitambulisho, kupotea baada ya uthibitisho kwa akidi, na kugongana kwa kuhifadhi matukio badala ya majumla. Kwa watafiti wanaotumia takwimu za afya za mkoa wa Morogoro na mikoa mingine yenye mazingira kama hayo, jambo la kuuliza si tu nani alijaza fomu. Inafaa kuuliza pia kifaa kilifanya nini baada ya kutuma na kutojibiwa. Kwa wasanifu wa mifumo, kipimo kinachopendekezwa ni kimoja: ombi lolote likatwe katikati, kwa hatua yoyote, kisha lirudiwe, mtoto aliyechanjwa mara moja lazima aonekane amechanjwa mara moja, na mama aliyefariki lazima ahesabiwe.